Usajili wa Kulipia Twitch, YouTube na Kick: Kinachofika Mkononi kwa Mrushaji wa Laivu Aliye Uganda

Mtazamaji akiona kwenye skrini kwamba chaneli ina watu 45 wanaolipia kila mwezi, hesabu humjia yenyewe: 45 mara dola 5.99 ni dola 269 na ushee. Kwa shilingi 3,600 kwa dola, kiwango tutakachokitumia hapa kote ili hesabu ziwe nyepesi, hizo ni kama shilingi 970,000. Kwa kijana wa Kampala au Mbarara huo ni mshahara kamili. Lakini pesa itakayoingia benki kutoka kwa watu hao hao 45 inaweza kuwa shilingi 209,000 tu, bila mtu yeyote kumwibia mwenzake. Tathmini hii inaifuata hiyo pesa tangu inapotoka kwenye kadi ya mtazamaji mpaka inapoingia kwenye akaunti ya benki hapa Uganda, huduma moja baada ya nyingine, na inasema ni ipi inayomfaa mtu anayerusha laivu kutoka hapa.

Twitch

Twitch, jukwaa la kurusha laivu, ndiyo iliyowazoesha watu kulipia chaneli ya mtu mmoja kila mwezi, na bado ndiyo yenye mfumo mpana kuliko zote. Usajili una madaraja matatu. Daraja la 1 lilikaa miaka mingi kwenye dola 4.99, kisha Julai 2024 likapandishwa Marekani hadi 5.99, la 2 ni dola 9.99 na la 3 ni 24.99. Anayelipia anapata emoti za chaneli hiyo (vipicha vya kutumia kwenye gumzo), beji pembeni mwa jina lake, na kwa kawaida anaepushwa na matangazo ya biashara. Hilo la matangazo lina uzito kwa mtu anayetazama kwa bando la simu, kwa sababu tangazo nalo linakula data yake.

Mgawo wa kawaida ni nusu kwa nusu. Kati ya dola 4.99, bei ile ya zamani tutakayoitumia kulinganisha huduma zote, mrushaji anabaki na 2.50 hivi, yaani shilingi 9,000 kasoro kidogo. Kuna njia ya kuongeza fungu, inayoitwa Plus: ukifikisha pointi 100 kwa miezi mitatu mfululizo unapata asilimia 60, na ukifikisha 300 unapata 70, kisha kiwango hicho kinashikiliwa kwa miezi 12. Usajili wa daraja la 1 una pointi 1, wa daraja la 2 pointi 2, wa daraja la 3 pointi 6. Sharti linalowaangusha wengi ni kwamba usajili wa zawadi (ule ambao mtu anawalipia wengine) na usajili wa Prime hauhesabiwi kabisa. Chaneli inaweza kuonyesha wanaolipia 300 baada ya usiku mmoja wa mtu mkarimu kugawa zawadi, na isiwe imeongeza hata pointi moja. Pointi zinatoka kwa mtu aliyetoa pesa yake mwenyewe na anayeendelea kuitoa.

Usajili wa Prime ni ule ambao mwenye akaunti ya Amazon Prime anaupata bila kulipa zaidi. Tangu Juni 2024 Twitch inaulipia kwa kiwango maalumu kulingana na nchi ya mtazamaji. Kwa Marekani ni dola 2.25. Haujirudii wenyewe. Kila mwezi mtu lazima abonyeze tena, na asipokumbushwa habonyezi. Kwa hiyo namba za Prime hupanda mwezi una laivu nyingi na kushuka mwezi ukipumzika, hata kama watazamaji wako wanakupenda vilevile.

Kisha kuna bei za nchi kwa nchi, na hapa ndipo Mwafrika Mashariki anapaswa kutulia na kusoma polepole. Mei 2021 Twitch ilianza kushusha bei ya usajili ili ilingane na hali ya maisha ya kila nchi, ikianzia Mexico kwa peso 48 na Uturuki kwa lira 9.90. Baadaye utaratibu ukasambaa hadi Amerika Kusini, Asia, Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa mtazamaji ni jambo jema sana. Kwa mrushaji maana yake ni kwamba nusu yake inakatwa kwenye bei iliyoshuka. Mtazamaji wa Kampala, Nairobi au Mwanza na mtazamaji wa Texas wote wanahesabiwa mtu mmoja mmoja kwenye skrini, ila hawalingani hata kidogo kwenye malipo. Ukitaka kujua mapato ya chaneli, usiulize ina wanaolipia wangapi. Uliza wako nchi gani.

Wapo wanaojaribu kinyume chake: kutumia VPN ili wanunue usajili kwa bei ya nchi nafuu zaidi. Masharti hayaruhusu, na usajili wa namna hiyo unaweza kufutwa, pesa ikaondolewa kwenye hesabu ya mrushaji ambaye hakufanya kosa lolote. Waambie watazamaji wako waziwazi wasifanye hivyo.

Sasa hesabu ya wale 45. Tuseme 10 wanalipa wenyewe kutoka Marekani kwa 5.99, watano ni wa Prime kutoka huko huko, watano ni zawadi iliyonunuliwa na Mmarekani mmoja, na 25 wako Afrika Mashariki wakilipa bei iliyoshushwa ambayo kwa mfano huu tutaikadiria dola 2.50. Wale 10 wanakuletea 29.95. Prime inaleta 11.25. Zawadi inaleta 14.98. Wale 25 wa nyumbani, ambao ni zaidi ya nusu ya watu wako, wanaleta 31.25. Jumla ni dola 87.43.

Kodi ya zuio ya Marekani, ile inayokatwa kabla hujalipwa, inafuata. Sehemu iliyotoka kwa watazamaji wa Marekani ni 56.18, na asilimia 30 yake ni 16.85. Unabaki na 70.58. Hapo umevuka dola 50, kiwango cha chini cha njia kadhaa za malipo za Twitch, lakini hujafikia dola 100 zinazohitajika kwa uhamisho wa kimataifa wa benki. Unasubiri mwezi wa pili. Miezi miwili inakupa 141.16, toa dola 25 kwa makadirio ya ada za kutuma, za benki ya katikati na za benki yako kupokea, zinabaki 116.16. Gawa kwa miwili: dola 58.08 kwa mwezi, sawa na shilingi 209,088. Ni kama asilimia 21 na nusu ya kile ambacho mtazamaji alikipiga kichwani.

Kuhusu warushaji wenye majina makubwa, ni vizuri kujua takwimu zao na pia kujua zimetoka wapi. Data za Twitch zilizovuja Oktoba 2021 zilionyesha chaneli ya CriticalRole imelipwa takribani dola milioni 9.6, na xQc milioni 8.4, kuanzia Agosti 2019. Hizo zilikuwa jumla ya usajili, Bits (sarafu za Twitch ambazo watazamaji huwatuza warushaji) na matangazo kwa zaidi ya miaka miwili, wala si usajili pekee. Ludwig Ahgren alifikisha wanaolipia 283,066 Aprili 2021 kwa laivu iliyodumu siku 31, na Septemba 2025 Kai Cenat akavuka milioni moja. Rekodi za aina hiyo zinajengwa kwa sehemu kubwa na zawadi na Prime ndani ya mwezi mmoja wa tukio, na mwezi unaofuata kihesabu huporomoka. Anayepanga bajeti ya nyumba akiangalia mwezi wa kilele atadaiwa kodi ya nyumba mwezi wa tatu.

Fomu ya kodi, mahali pesa nyingi inapopotelea

Kabla Twitch au YouTube haijakulipa, utajaza mahojiano ya kodi, na kwa mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani yanaishia kwenye fomu W-8BEN. Ichukulie kwa uzito kuliko hata kamera yako.

Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani. Kwa hiyo ukifika kwenye swali la kudai nafuu ya mkataba, jibu ni hapana, na sehemu hiyo unaiacha wazi. Wapo wanaochagua nchi nyingine ili wapunguziwe kiwango. Hiyo ni taarifa ya uongo chini ya saini yako, na akaunti inaweza kusimamishwa pesa ikiwa bado ndani. Kwenye nafasi ya namba ya mlipakodi ya nje weka TIN yako ya URA. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, wala si jina la chaneli.

Anwani ndiyo inayowatesa Waganda. Fomu haikubali sanduku la posta kama anwani ya makazi, wakati sisi wengi tumezoea kuandika P.O. Box kila mahali tangu shuleni. Andika namba ya ploti na barabara kama zipo. Kama hazipo, andika kijiji, parishi na wilaya. Fomu inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, halafu inabidi ijazwe upya. Iweke kwenye kalenda, kwa sababu ikiisha muda makato yanabadilika bila mtu kukupigia simu.

Kwa YouTube adhabu ya kutojaza ni kali zaidi. Aliyejaza, na nchi yake haina mkataba, anakatwa asilimia 30 ya pesa iliyotoka kwa watazamaji wa Marekani pekee. Ya watazamaji wa Uganda, Kenya, Tanzania au Uingereza haiguswi na kodi hiyo. Asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Chaneli ya Kiswahili ambayo watazamaji wake karibu wote wako Afrika Mashariki na Kongo inapoteza karibu robo ya pesa kwa uzembe wa dakika ishirini.

Mwisho wa mwaka utapewa fomu 1042-S inayoonyesha kilichokatwa. Ihifadhi. Mkazi wa Uganda anatozwa kodi ya mapato yake ya popote duniani, na kwa mtu binafsi kodi huanza mapato ya mwaka yakivuka shilingi 2,820,000. Sheria inaruhusu kodi uliyokwisha kulipa nje ipunguzwe kwenye unayodaiwa hapa, ila lazima uwe na karatasi ya kuthibitisha, na karatasi yenyewe ni hiyo 1042-S.

YouTube: uanachama wa chaneli

Kwa mtu ambaye watazamaji wake wengi wako Afrika Mashariki, hii ndiyo huduma bora kati ya zote zinazotathminiwa hapa, na sababu ya kwanza ni mgawo. Mrushaji anapata asilimia 70 baada ya kodi za mauzo kutolewa. Dola 4.99 inakuwa 3.49, yaani shilingi 12,575, mahali Twitch ya kawaida inapotoa 8,982. Ya pili ni kwamba bei unaipanga wewe, kuanzia dola 0.99. Unaweza kuweka kiwango cha chini ambacho mwanafunzi wa Makerere anakimudu bila kukosa chai, na kiwango cha juu kwa ndugu walio Boston au London.

Masharti ya kuingia yamelegezwa: watu 500 waliojiunga na chaneli, video tatu za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au mitazamo milioni 3 ya Shorts (video fupi) ndani ya siku 90. Hapo unaweza kuomba uanachama na Super Chat, yaani ujumbe wa kulipia kwenye gumzo la laivu. Fungu la matangazo ya biashara linakuja baadaye, kwa watu 1,000 na saa 4,000, au mitazamo milioni 10 ya Shorts. Fungua YouTube Studio, sehemu ya mapato, uone ni vipengele vipi vinavyofunguka kwa akaunti yako kabla hujawaahidi watu chochote.

Chukua watu 40: 25 wa Afrika Mashariki wakilipa dola 1.99 na 15 wa Marekani wakilipa 4.99. Makusanyo ni 124.60, fungu lako ni 87.22, na baada ya kodi ya zuio ya Marekani zinabaki 71.50. Ni pesa ile ile ya mfano wa Twitch, ila kwa watu watano pungufu, na watu wa nyumbani wakiwa wamelipa kidogo zaidi ya nusu dola chini kila mmoja. Na hapo hatujahesabu kwamba uanachama, Super Chat na matangazo vyote vinaingia kapu moja la AdSense, mfumo wa malipo wa Google, ambalo linalipa likifika dola 100. Kapu moja linajaa haraka.

Ubaya upo. Uanachama wa YouTube hauondoi matangazo, hivyo anayelipia lazima aone kitu kingine: emoti, beji, video za wanachama tu, laivu ya wanachama mara moja kwa mwezi. Ukiahidi laivu hiyo na usiirushe, watu wanaondoka kimyakimya siku ya malipo yanayofuata. Anayejiunga kupitia programu ya iPhone anakupunguzia pesa, kwa sababu ada ya Apple inatolewa kwanza na asilimia 70 yako inahesabiwa kwenye kilichobaki. Kwenye Twitch nako bei ya ndani ya programu ya iPhone ni kubwa kuliko ya kwenye tovuti. Kwa huduma zote mbili maelekezo ni yale yale: mwambie mtu afungue kivinjari, aingie kwenye akaunti yake, alipie pale.

Halafu kuna PIN ya AdSense. Mapato yakifika dola 10, Google inatuma barua yenye namba ya siri kwa posta, na una miezi minne kuiingiza. Hapa sanduku la posta ndilo linalohitajika, kinyume kabisa na fomu ya kodi. Ukiandika jina la mtaa tu, barua inaweza kuishia kituoni bila mwenyewe. Tumia sanduku unaloweza kulifungua, liwe la kanisa, la msikiti, la shule au la kazini, na mwambie anayechukua barua aitarajie. Isipofika, omba nyingine; zikishindikana zote, Google ina njia ya kuthibitisha kwa kitambulisho.

Kick, na zile nyingine

Kick, jukwaa jingine la kurusha laivu, ilianza mwishoni mwa 2022 na ahadi moja kubwa: asilimia 95 kwa mrushaji. Dola 4.99 inakuwa 4.74, kama shilingi 17,066, karibu mara mbili ya Twitch. Kuingia kunahitaji wafuasi 75 na saa tano za laivu. Kwenye karatasi hakuna anayeikaribia.

Tatizo ni kwamba asilimia 95 ya watu wawili ni ndogo kuliko asilimia 50 ya watu 30, na hadhira ya Kiswahili haiko huko. Pia waanzilishi wake ndio walio nyuma ya Stake, kampuni ya kamari ya mtandaoni, na laivu za kamari zinaonekana sana kwenye jukwaa hilo. Kwa mrushaji wa mahubiri, masomo au vipindi vya watoto hilo ni jambo la kufikiria kwa makini. Kabla hujahamisha watu wako, jisajili, ufike mpaka ukurasa wa malipo na uone kama benki yako ya Uganda inakubaliwa pale. Usirushe hata saa moja kabla ya kuthibitisha hilo. Pesa isiyo na njia ya kutoka haijawa yako.

TikTok ndiko vijana wetu walipo kila usiku, lakini pesa kubwa ya laivu kule ni zawadi, na zawadi inategemea nani ameingia leo. Haiwezi kuwekwa kwenye hesabu moja na usajili. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 kuelekea uchaguzi, na watu wamekuwa wakiingia kwa VPN. Kujenga mapato ya kila mwezi juu ya mlango wa namna hiyo hakupendekezwi hapa.

Kwa nini namba hushuka bila sababu ya kuonekana

Warushaji wengi huona wanaolipia wakipungua na kudhani vipindi vyao vimechuja. Mara nyingi ni kadi. Watazamaji wetu wengi wanalipa kwa kadi za mtandaoni zinazojazwa kwa mobile money. Siku ya malipo ikikuta kadi ina shilingi mia tano, usajili unakufa, na mtu mwenyewe hajui mpaka aone beji yake haipo. Dawa yake ni kuwakumbusha watu mwanzoni mwa kila mwezi, laivu ikiwa hewani, wajaze kadi siku moja kabla. Waambie pia waweke na ziada kidogo, kwa sababu benki hubadilisha dola kwa kiwango chake na kiasi kamili hakitatosha.

Zawadi nazo zinaisha baada ya mwezi. Ukipokea zawadi 20 leo, andika tarehe, na wiki ya nne uwasalimie waliopewa kwa majina yao. Baadhi yao watalipa wenyewe. Wasiposemeshwa, karibu wote watapotea.

Kuna na pesa inayorudi. Mtu akiiambia benki yake kwamba malipo hayakuwa yake, mara nyingi mtoto ametumia kadi ya mzazi, kiasi hicho kinaondolewa kwenye hesabu yako hata kama ulikwisha kukiona. Zawadi kubwa ya ghafla kutoka kwa mtu usiyemjua usiitumie mpaka iwe imelipwa benki.

Gharama za upande wako

Laivu ya 720p kwa bitireti (kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde) ya kilobiti 3,000 na sauti ya 160 inatumia GB 1.42 kwa saa. Laivu 13 za saa nne kwa mwezi ni saa 52, karibu GB 74 za kupakia tu. Ukipanda hadi 6,000 inakuwa GB 2.77 kwa saa, GB 144 kwa mwezi, na mtazamaji wa simu haoni tofauti inayostahili gharama hiyo. Kaa kwenye 3,000. Kwenye programu ya kurushia weka CBR (bitireti isiyobadilika) na kifremu kikuu (picha kamili) kila sekunde 2, na uhakikishe kasi yako ya kupakia ni angalau mara moja na nusu ya bitireti saa ile ile unayorusha, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi si ule wa saa tatu usiku.

Bando la simu halifai kwa kazi hii. Tangu Julai 2021, ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, data imewekewa ushuru wa asilimia 12, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Tafuta intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa GB. Tuseme inakugharimu 150,000 kwa mwezi. Kompyuta ya wati 300 kwa saa 52 inakula uniti 15.6 za Yaka. Ukikadiria shilingi 800 kwa uniti ni 12,480. Toa zote kwenye zile 209,088 na zinabaki 46,608. Hapo bado hujanunua maikrofoni, wala UPS ya kuishikilia ruta umeme ukikatika katikati ya laivu.

Kuipokea

Fungua akaunti ya dola kwenye benki yako kabla ya malipo ya kwanza. Uhamisho ukiingia kwenye akaunti ya shilingi, benki inabadilisha siku ile ile kwa kiwango chake. Ukiingia kwenye akaunti ya dola, unachagua siku. Iulize benki mambo matatu: ada ya kupokea uhamisho wa nje, ada ya kila mwezi ya akaunti ya dola, na kama ina benki ya katikati Marekani ambayo maelezo yake yanapaswa kuandikwa. Pesa nyingi hurudishwa kwa sababu ya majina: kitambulisho kinaanza na jina la ukoo, akaunti inaanza na jina la ubatizo, na jina la tatu lipo upande mmoja tu. Yalinganishe yote herufi kwa herufi. PayPal usiichague mpaka umeingia kwenye akaunti yako na kuona kwamba inaruhusiwa kupokea na kutoa, wala si kulipia tu. Na usikubali mtu wa nchi jirani akupokelee kwa jina lake kwa ada. Kodi itakuwa kwa jina lake, pesa itakuwa kwa jina lake, na siku mkikosana huna pa kushtaki.

Kutoka benki kwenda mobile money, kumbuka asilimia 0.5 ya serikali unapotoa taslimu, juu ya ada ya kampuni ya simu. Kwa kiasi kikubwa ni nafuu kuchukulia kaunta au ATM.

Twitch hulipa kama siku 15 baada ya mwezi kuisha, na AdSense kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, kisha benki nayo inachukua siku zake za kazi. Mwenye nyumba anayetaka kodi tarehe 1 alipwe kutoka kwenye pesa ya mwezi uliotangulia ule uliopita.